BMW E46: ufa kwenye bodi inaposhikilia sabfremu ya nyuma. Nichomelee au niuze?

Kijana wa Tabata
Wakuu, habari za saa hizi. Nina E46, 318i ya 2002, namba C, otomatiki. Tangu Ramadhani, nikitoa R kuweka D nasikia "ngo!" chini ya kiti cha nyuma, kama mtu kapiga debe kwa rungu. Fundi alibadili bushi za mikono ya nyuma, akaja na za difu. Sauti ikabaki palepale, hela ikaondoka.

Jumamosi nikaipandisha kwenye stendi mwenyewe, nikakwangua andasili (ile rangi nzito ya kuzuia kutu chini ya gari) kwa bisibisi na brashi ya waya. Pointi ya mbele kushoto, pale inapofungwa sabfremu (fremu inayobeba difu na mikono ya nyuma), ina ufa umezunguka nusu ya tundu la bolti. Mwembamba kama unywele, ila mwisho wake ukucha unaingia.

Gereji moja mtaani wanataka elfu themanini: wapige weldi kwa chini bila kushusha kitu, ndani ya saa mbili naondoka. Niwape?

Fundi Chuma
Mdogo wangu, usiwape. Tanki la petroli liko hapohapo mbele na paipu za breki zinapita jirani. Halafu huo ni ufa uliokubali kuonekana. Mwingine sabfremu yenyewe imeuficha.

Bati la sakafu ya E46 pale ni jembamba. Kila ukikanyaga mafuta difu inataka kujizungusha, sabfremu inavuta sakafu. Bushi za sabfremu zikichoka, ule mvuto unageuka nyundo. Ndiyo hiyo "ngo" yako.

Mimi niliifanya kwenye 325i ya mteja. Ekzosi chini, propela chini, tanki nikalitoa kabisa nikaliweka nje ya geti. Betri nikafungua. Ndani nikatoa kiti, kapeti na lile sponji la kuzuia kelele, maana linashika moto wewe uko chini huna habari. Ndipo nikashusha sabfremu na difu yake kwa jeki ya giaboksi.

Pointi zote nne nikazikwangua mpaka bati jeupe. Kwa macho niliona ufa mmoja. Nilipopuliza ile dawa nyekundu ya kupimia nyufa na nyeupe yake, ikawa mitatu. Mwisho wa kila ufa toboa tundu la milimita 3, la sivyo utaendelea kutembea pembeni ya weldi. Chomelea kwa MIG, mashine ya waya na gesi, siyo ya fimbo: kidogo hapa, iache ipoe, kidogo kule. Fimbo kwenye bati lile inakufungulia dirisha.

Sahani ndiyo inafuata, chuma cha milimita 2 au 3, ikunjwe kufuata umbo la bodi na ivuke ufa kwa mbali. Itoboe matundu katikati uyajaze weldi, usishone kingo tu. Sahani bapa juu ya bodi yenye mikunjo ni plasta ya kidonda.

Mwisho praima, silanti kwenye kingo, andasili, na nta ya kuzuia kutu upande wa ndani. Moto umeunguza rangi huko usikokuona, na kutu itaanzia huko.

Dada wa Mwanza
Naunga mkono pointi zote nne. Mimi niliona nibane matumizi, nikafanya mbili za mbele. Mwaka uliofuata nikashusha sabfremu ileile tena kwa ajili ya za nyuma.

Bin Likoni
Na bushi je? Hapa Mombasa wanasukuma zile ngumu za plastiki.

Fundi Chuma
Kwa gari ya kwenda kazini weka mpira, kaka. Ngumu inapeleka kishindo chote kwenye bati.

Kijana wa Tabata
Mrejesho, wakuu. Nimempata fundi Buguruni aliyekubali kushusha kila kitu. Siku nne, laki nane na nusu pamoja na bushi mpya. Mbele kulia nako kulikuwa na ufa wa sentimita mbili. R kwenda D sasa kimya kabisa.

Kilichonikera ni kingine. Ile pointi ya kushoto, fundi alipokwangua andasili iliyobaki amekuta puti ya kuzibia, imelainishwa vizuri kwa msasa. Aliyeniuzia hapokei simu.