Mada: Hospitali ziandike jina la ugonjwa kwa Kiswahili, tuache kubahatisha magoti ya mama zetu

Kifyatu (mleta mada):
Wadau habari za muda huu. Bi mkubwa magoti yanamsumbua muda mrefu, kaenda hospitali kapigwa eksrei, karudi na karatasi imeandikwa ostioathraitisi ya magoti yote mawili, nyumba nzima hakuna aliyeelewa, dokta kamwambia tu "mama miguu imechakaa" akampa vidonge basi. Shangazi anasema hiyo baridi yabisi, jirani anasema gauti aache nyama, mimi nimebaki katikati. Mahakamani sheria ilishabadilishwa toka 2021 lugha ni Kiswahili, hospitali kuna nini? Karatasi anayopewa mgonjwa iandikwe jina la ugonjwa kwa Kiswahili, ndiyo au hapana, na kwa nini.

Mwaka wa Nne:
Hapana. Mi nasomea udaktari najua ninachosema. Mwili una misuli zaidi ya 600, mkituambia kila mmoja tuuite kwa Kiswahili hatumalizi chuo. Gastroknemiasi utaiita nini? Majina haya ni ya dunia nzima, mgonjwa akipewa rufaa India karatasi yake inasomeka. Halafu tuwe wakweli, wazee wetu kila kinachouma wanaita mshipa, kisipoitwa mshipa basi baridi yabisi. Ingekuwa baridi ndo inaleta magoti, Makete na Njombe wote wangekuwa wanatambaa.

Makete Kwetu:
Wewe dogo umeshawahi kufika Makete mwezi wa saba au unaongea tu umekaa mbele ya feni? Kule asubuhi kuna sakitu nyasi nyeupe, bibi yangu akiamka hawezi hata kushika jembe mpaka akae jikoni kwenye moto ndo vidole vinafunguka. Usitutukane.

Mwaka wa Nne:
Mkuu sijatukana mtu, nimesema baridi haisababishi. Kusikia maumivu zaidi kwenye baridi ni kitu kingine.

Makete Kwetu:
Umesema wanatambaa. Imeandikwa hapo juu.

Mzee wa Kariakoo:
Hahaha dogo kashikwa. Ila kwenye hiyo gastro sijui nini, nauliza, si ndo shavu la mguu? Mwanangu anasoma mambo ya mazoezi kaniambia hilo neno ni la Kigiriki na maana yake ni tumbo la mguu. Sasa Mgiriki akisema tumbo ni sayansi, bibi yangu akisema shavu ni ushamba. Nieleweshwe.

Nesi Mstaafu:
Wanangu shikamooni mnaostahili, wengine marahaba. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, naomba niseme kitu. Tatizo la neno baridi yabisi sio kwamba ni la Kiswahili, tatizo linabeba magonjwa matatu yasiyofanana. Kuna la mama wa mleta mada, gegedu la kwenye goti, ile nyama ngumu inayozuia mifupa isisagane, limelika, ni umri na uzito na kazi za kuinama. Kuna lile la kinga ya mwili kushambulia maungo, linawapata zaidi kina mama, vidole vinavimba mikono yote miwili, asubuhi maungo yamekakamaa hata saa nzima na zaidi, hilo bibi yake Makete Kwetu apelekwe akapimwe. Na kuna homa ya baridi yabisi ya watoto, inaanza na koo, baadaye maungo yanavimba kwa zamu, ikiachwa inaharibu vali za moyo, na huyo mtoto anachomwa penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka. Mama akiambiwa "mwanao ana baridi yabisi" anaenda kumnunulia soksi. Kwa hiyo Kiswahili ndiyo, ila kwanza tukubaliane kila ugonjwa uwe na jina lake. Na nyie vijana wa vyuoni mjifunze kuandika, karatasi zenu hata Kiingereza hazisomeki, mwandiko wa kuku.

Mwaka wa Nne:
Mama kwa heshima zote, mwandiko umeingiaje hapa? Siku hizi hospitali nyingi tunajaza kwenye kompyuta. Na mtu unaona wagonjwa 60 kwa siku, hakuna maji hakuna chai, halafu unaambiwa kuku. Wauguzi wenyewe tukiwaambia wapime presha wanaandika namba ya jana.

Nesi Mstaafu:
Nani kaandika namba ya jana? Taja wodi.

Sista Tabata:
Jamani mbona mnaacha hoja ya mama ya magonjwa matatu mnagombania mwandiko?

Mzee wa Kariakoo:
Sista achia watu waseme, mwandiko wa madaktari ni janga la taifa. Mimi duka la dawa walinipa dawa ya minyoo nimeenda na shingo.

Mwaka wa Nne:
Ok tuendelee na mada. Nitajieni jina MOJA la ugonjwa lililotoka huku kwetu likakubalika na madaktari wa dunia nzima. Moja tu.

Newala Damu:
Chikungunya. Haya kanywe maji. Mlipuko wa kwanza kuandikwa ni huku kusini 1952, uwanda wa Wamakonde, watu walishikwa homa na maungo yanauma mpaka wanajikunja, wazee wakauita hivyo hivyo, yaani kile kinachokukunja. Wazungu wakabeba virusi na jina. Leo Mbrazili akiumwa na mbu anaugua Kimakonde.

Mswahili wa Tudor:
Wallahi huo usiniambie. Mombasa ulitupitia 2004 tena ukarudi mwisho wa 2017, mtu alikuwa akishuka ngazi kwa makalio. Homa yaisha, viungo vyaendelea miezi. Wengine waliambiwa ni malaria wakameza dawa bure.

Wa Gulu:
Na sisi Uganda tuko na onyongnyong, ilianza 1959, jina ni la Acholi, ni juu ya viungo kuvunjika nguvu. Iko kwa vitabu vya madaktari. Hiyo yaletwa na mbu wa malaria, si ule wa mchana wa chikungunya.

Mwaka wa Nne:
Sawa lakini hayo sio Kiswahili. Kimakonde ni Kimakonde, Kiacholi ni Kiacholi. Mada inasema Kiswahili.

Newala Damu:
Ukasema "huku kwetu". Soma ulichoandika. Au Newala sio kwenu? Maana kila siku kusini tunakumbukwa msimu wa korosho tu.

Bwana Tosha:
Halafu Wamakonde si wa Msumbiji nyie?

Newala Damu:
Bwana Tosha na wewe umetokea wapi. Wamakonde tupo pande zote mbili za Ruvuma, mto tumeukuta na mpaka umewekwa tupo. Rudi shule.

Bwana Tosha:
Nimeuliza tu ndugu povu la nini

Mzee wa Kariakoo:
Msimchokoze Mmakonde jamani, atakuchonga.

Kifyatu (mleta mada):
Wakuu narudi kwenye mada, mama yangu bado anaumwa. Jirani kashauri achomwe diklofenaki, sindano ya maumivu, anasema dukani wanachoma bila cheti na unatembea siku hiyo hiyo.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu USITHUBUTU. Mama ana presha? Ana vidonda vya tumbo? Hiyo dawa inaunguza tumbo, inapandisha presha, inaumiza figo, na watu wazima ndo inawakamata zaidi. Unatembea leo, mwakani unasafishwa damu. Arudi kliniki aulize mazoezi ya misuli ya paja, apunguze uzito kama upo, na akina dada wamsaidie ndoo.

Makete Kwetu:
Na avae kitu cha joto magotini.

Mwaka wa Nne:
Haitibu.

Makete Kwetu:
Nimesema inatibu? Nimesema avae.

Sista Tabata:
Diklofenaki ndo ile iliyoua tai India, walikuwa wanachoma ng'ombe, tai akila mzoga figo zinakufa. Waliikataza kwa mifugo 2006. Sasa ndege mkubwa vile ameshindwa, itakuwa goti la bi mkubwa.

Mswahili wa Tudor:
Tai na binadamu wapi na wapi sista. Mamangu azitumia dawa hizo na yu mzima.

Bwana Tosha:
Kwa hiyo gauti ni ya wala nyama choma, kwa Kiswahili tuiite ugonjwa wa mabosi

Mzee wa Kariakoo:
Gauti lina jina, jongo, limo kwenye kamusi. Tatizo hamfungui kamusi mnafungua chupa.

Bwana Tosha:
Jongo nani analijua? Ukimwambia mtu una jongo atadhani umetukana.

Nesi Mstaafu:
Na sio nyama tu. Ni asidi inayozidi kwenye damu inakaa kwenye kiungo kama chembe za chumvi, mara nyingi inaanza kidole gumba cha mguu usiku, hata shuka likigusa unapiga kelele. Bia, maini, figo, na dagaa.

Mswahili wa Tudor:
Dagaa?!

Bwana Tosha:
Mama dagaa tena? Nyama hatuna, sasa dagaa nao ni wa mabosi?

Nesi Mstaafu:
Kwa mwenye gauti apunguze. Asiye nayo ale.

Wa Gulu:
Mukene pia?

Nesi Mstaafu:
Mukene si ndo dagaa hao hao wa ziwani mwanangu.

Mswahili wa Tudor:
Na wale wa kukaanga au wa mchuzi wa nazi? Manake hapo ndipo nitagombana na mtu.