Zamu za usiku kwenye mtambo wa nyuklia Marekani: nikisema nimechoka, kibarua kitaota nyasi?

Fundi Valvu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Mimi ni fundi mitambo, nipo Marekani mwaka wa saba. Kazi zetu ni za msimu: kinu cha nyuklia kikizimwa kubadilishiwa mafuta tunaitwa, tunafungua valvu na pampu, tunakarabati, tunahamia kwingine. Sasa hivi nipo wiki ya tatu. Naingia saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi, siku sita mfululizo, ya saba napumzika. Hela ni nzuri, sitadanganya. Nyumba ya mama kule Kyela imefika kwenye lenta kwa hizi hizi zamu.

Tatizo ni usingizi. Juzi, kama saa 10 alfajiri, nilikuwa nakaza boliti za valvu kwa kufuata karatasi ya hatua. Nikatia saini hatua ya nane. Mwenzangu akauliza, "Ya saba umeifanya?" Sikuwa nimeifanya. Na hiyo saini ya nane sikumbuki kuiweka. Tulirudia kazi yote, hakuna kilichoharibika, ila tangu siku hiyo sina amani.

Sasa foromani ananiomba kesho asubuhi nibaki hadi saa 4, mtu wa mchana hatakuwepo, halafu jioni saa 12 nirudi kama kawaida. Sijamjibu. Nikikataa, nahofia msimu ujao simu yangu haitaita. Nifanyeje?

Mama Junior

Pole mdogo wangu. Mimi ni nesi wa usiku, hiyo ya kutia saini kitu usichokikumbuka naijua. Mwili unakuwa umesimama, akili imeshalala. Kataa hizo saa nne, hela utazipata kwingine.

Nyundo

Acheni kumlegeza mwanaume mwenzetu. Mwaka 2022 wale wafanyakazi wa mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, Ukraine, walikaa zamuni zaidi ya wiki tatu bila kubadilishwa na kinu hakikulipuka. Kunywa kahawa, kaza, jenga nyumba ya mama.

Mzee wa Zamu

Nyundo, wale hawakukaza kwa hiari. Wanajeshi wa Urusi waliuteka mtambo tarehe 24 Februari, zamu ya kwanza ikapata nafuu ya kwenda nyumbani tarehe 20 Machi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilikuwa linalalamika mara kwa mara kuhusu uchovu wao. Na vinu vya pale vilikuwa vimeshazimwa miaka mingi. Usimpe kijana mfano wa watu waliokuwa chini ya mtutu.

Fundi, nimekaa chumba cha udhibiti miaka kumi na moja kabla sijastaafu. Nisikilize taratibu.

Kwanza hakikisha umo kwenye kundi linalobanwa na kanuni za saa za kazi, maana si kila anayepita getini yumo. Wamo waendeshaji wa kinu, walinzi wenye silaha, baadhi ya zimamoto, watu wa kemia na mionzi walio kwenye kikosi cha dharura, na mafundi wanaogusa vifaa muhimu kwa usalama. Kama valvu zako ni za mifumo ya usalama, umo.

Kama umo, ombi la foromani wako halipiti. Kanuni za NRC, tume ya nyuklia ya Marekani, zilichapishwa 2008 na zikaanza kufanya kazi Oktoba 2009. Mwisho ni saa 16 ndani ya saa 24, saa 26 ndani ya saa 48, na saa 72 ndani ya siku saba. Kati ya zamu na zamu upumzike angalau saa 10. Zinashuka hadi 8 pale tu kikosi kinapobadilisha ratiba ya zamu. Sasa piga hesabu. Ukibaki hadi saa 4 umefikisha 16, hapo sawa. Ukirudi saa 12 jioni umepumzika saa 8 tu: kosa la kwanza. Ukimaliza zamu hiyo una saa 28 ndani ya 48: kosa la pili. Na kwa kuwa sita mara kumi na mbili tayari ni 72, hizo nne za nyongeza zinakupeleka 76 kwa wiki: la tatu. Ombi moja, makosa matatu, na mwenye mtambo ndiye atakayeyajibia. Foromani labda hakukaa na kalamu.

Kipo kibali cha kuvuka vikomo, lakini hakitolewi kwa sababu fulani hakuja kazini. Ni pale tu usalama wa kinu au ulinzi wa eneo unapokihitaji, na msimamizi akutazame ana kwa ana ndani ya saa nne kabla hujaanza hiyo kazi.

Hilo dogo. Kubwa ni ile hatua ya saba, maana siku ile hukuwa umevuka kikomo chochote. Kwenye makaratasi hukuwa na kosa. Kanuni zenyewe zinalijua hilo: zinamkataza mwajiri kusema "huyu hajachoka" kwa sababu tu saa zake hazijavuka. Una haki ya kujitangaza kwamba umechoka kiasi cha kushindwa kazi salama. Ukishasema, unafanyiwa tathmini na msimamizi aliyefunzwa: uchovu wa leo, uchovu uliolundikana, na saa ya mwili, kwa sababu kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri mwili unataka kulala hata kama ulilala mchana. Ajali ya mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, Marekani, 28 Machi 1979, ilianza mnamo saa 10 alfajiri. Sisemi usingizi ndio ulioileta, ila wazee wetu wa chumba cha udhibiti walikuwa wakiutaja huo muda kwa heshima.

Zamani kulikuwa na mwongozo tu, wa 1982, na vibali vilikuwa vinatoka kama karanga. Mwaka 1987 NRC ikaufunga mtambo wa Peach Bottom, Pennsylvania, baada ya waendeshaji kukutwa wamelala chumba cha udhibiti. Hata hivyo ilichukua zaidi ya miaka ishirini hadi kanuni zenye meno zije.

Dereva wa Mikoani

Mzee, umeniacha hoi. Huku kwetu safari ndefu wanataka madereva wawili, na wa pili analala nyuma kwenye kelele zile zile. Swali: hizo saa wanahesabu na muda wa kuendesha gari kwenda kazini?

Mzee wa Zamu

Hapana, na hata dakika za kukabidhiana zamu hazihesabiwi. Wanahesabu kazi unayomfanyia mwenye mtambo tu. Ndiyo maana nasema namba peke yake haitoshi.

Mama Junior

Fundi, hujasema jambo moja. Kwa siku unalala jumla ya saa ngapi?

Fundi Valvu

Nne. Zikizidi sana tano.

Acha niseme ukweli. Nikitoka saa 12 asubuhi nawasha programu ya kupeleka vyakula, nazunguka na gari hadi saa 4. Watu wanaagiza sana chai ya asubuhi. Ndipo narudi moteli.

Nyundo

Mh. Hapo hata mimi nimenyoosha mikono.

Mzee wa Zamu

Kijana, umetuficha nusu ya habari! Mimi nakutetea hapa dhidi ya saa nne za foromani, kumbe wewe mwenyewe unajipa saa nne kila asubuhi.

Haki ya kusema umechoka ninairudia, ni yako. Lakini kwenye tathmini unatakiwa kutoa taarifa kamili na za kweli. Usije ukasema moteli ina kelele ukaishia hapo. Zima hiyo programu leo, kabla hujamwona mtu yeyote.

Fundi Valvu

Mrejesho, wakuu.

Nilimpelekea foromani ile hesabu ya 28 kwenye kipande cha karatasi. Aliitazama, akaguna, akasema atatafuta mtu mwingine. Hakukasirika, ila hakushukuru pia.

Jioni nikamwambia msimamizi kuhusu usingizi. Aliniuliza maswali kama dakika ishirini, anaandika. La kazi ya pili nikalisema, mdomo mkavu. Alinyamaza, kisha akanirudisha moteli, nisirudi kazini kabla ya muda wa saa 10 kupita. Nimekosa malipo ya usiku mmoja. Programu ya vyakula nimeifuta. Msimu ujao kama wataniita, sijui.

Sasa tatizo ni pazia la moteli. Jua linaingia lote.

Mama Junior

Karatasi ya aluminiamu, ile ya kufungia nyama. Bandika dirisha zima kwa gundi ya karatasi, upande unaong'aa uangalie nje. Simu iache bafuni. Na mwambie mama asipige kabla ya saa 9 alasiri ya huko uliko.