Mrejesho: ile sindano ya steroidi kwenye kifundo cha mguu

Habari zenu, wakubwa. Niliwauliza hapa jinsi ya kudunga steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, kwenye kifundo cha mguu, kwa mama mwenye baridi yabisi anayeuza samaki soko la Kibuye hapa Kisumu. Mguu ulikuwa umevimba hadi kandambili haiingii. Asanteni kwa majibu.

Nimemdunga, mkubwa wangu wa kazi akiwa kando. Kwanza nilimpima sukari, nikahakikisha hana homa wala kidonda, maana kiungo chenye maambukizi hakidungwi steroidi kamwe. Akalala chali, nikamwomba avute mguu juu ili ile kano nene ya mbele ijitokeze. Kati ya kano hiyo na nundu ya mfupa wa ndani kuna kishimo. Kidole kikitulia humo, ndipo pa kudunga. Nikaweka alama kwa kalamu, akalegeza mguu, nikasafisha. Mara ya kwanza dawa iligoma kuingia. Sikulazimisha, mlinionya kwamba ikigoma huenda ncha imeingia kwenye kano. Nikarudisha sindano kidogo, nikaielekeza upya, ikaingia laini kabisa: methiliprednisoloni (ndiyo steroidi yenyewe) miligramu 40 na lignokeini, dawa ya ganzi, kidogo.

Usiku ule maumivu yalizidi, lakini nilikuwa nimemwambia mapema, hakutishika. Siku ya tatu akapiga simu akicheka, amevaa viatu!

Nilimsihi apumzike siku mbili, akakubali moja. Soko, mnajua.

Sindano nyingine si kabla ya miezi mitatu. Nimempa rufaa apate dawa za kutuliza ugonjwa wenyewe, na Jumatatu anaenda.