Ushauri: Nirudi Moshi kufundisha au nibaki Uppsala? Kikao cha ukoo ni Jumamosi

Kitindamimba_Mwika: Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 41. Nimezaliwa Mwika, sekondari Moshi mjini, digrii ya kwanza SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, ya pili Wageningen Uholanzi, udaktari Uppsala, Sweden. Fani yangu ni udongo. Huko nina kazi ya utafiti, na chuo kimoja cha hapa nyumbani kinanitaka nifundishe. Baba alifariki mwaka juzi, ukoo unakaa Jumamosi kuhusu kihamba, shamba letu la migomba la ukoo. Nipo likizo na usingizi hauji. Nirudi au nibaki?

Muuza_Kiboriloni: Mshahara upi mkubwa? Anzia hapo, mengine porojo.

Mama_Rau: Mwanangu, kaka yangu alikwenda kusoma Leipzig 1979. Tukawa tunapokea kadi za Krismasi tu. Aliporudi alimkuta mama kaburini, na migomba imemezwa na vichaka. Rudi.

Dereva_Himo: Kwa mila zetu kitinda mimba ndiye anayebaki kwenye kihamba cha baba. Sasa kikao cha nini? Kuna kitu hujasema.

Kitindamimba_Mwika: Kaka zangu wamekubali. Wanataka niandikwe tu.

Dereva_Himo: Basi andikwa ulale.

Kitindamimba_Mwika: Nilichukua uraia wa Sweden miaka miwili iliyopita. Nyumbani hawajui, hata mama. Msiharakishe kunihukumu. Mikutano ya wenzangu Marekani nimeikosa mara mbili, viza inatoka watu wameshatawanyika. Na mwanangu kazaliwa Uppsala. Sikuikana nchi, nilichukua karatasi.

Wakili_Majengo: Karatasi hiyo ni nzito, mkuu. Sweden inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu 2001, sisi haturuhusu. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake, wa Tanzania unakoma. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipotungwa haikumpa asiye raia ardhi, isipokuwa ya uwekezaji. Usikubali kuandikwa Jumamosi kabla hujaonana na wakili ana kwa ana.

Mzee_wa_Pasua: Wakuu, mnakunywa chai, kisa hiki ni cha kutunga. Daktari wa udongo asijue sheria ya ardhi? Nijibu: pale SUA ulikaa Mazimbu? Na Desemba huko Uppsala jua linazama saa ngapi?

Kitindamimba_Mwika: Mazimbu ni kampasi nyingine, ilikuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Mimi nilikuwa kampasi kuu, dirisha likitazama Uluguru. Uppsala linazama kabla ya saa tisa alasiri. Mwaka wa kwanza nilikuwa natoka maabara nadhani nimepitiwa na usingizi humo. Sheria naijua. Ndiyo maana silali.

Mzee_wa_Pasua: Ya jua hata Gugo anajua. Ila ya Mazimbu nimekubali.

Mama_Rau: Mwacheni mtoto. Mama yako hajakuuliza kitu?

Kitindamimba_Mwika: Asubuhi alinipeleka kaburini kwa baba. Kapanda masale mapya manne, mmea wetu wa mila, la tano kaliacha chini, akanipa jembe. "Hili panda wewe, mwenye kihamba." Nikachimba. Udongo ulikuwa umelowa, nikaufinya kiganjani ukashikamana vizuri, udongo wa kupanda. Nikalipanda. Maneno hayakutoka. Ijumaa jioni nitaanza na kaka mkubwa.

Dereva_Himo: Mama kwanza. Na usingoje Ijumaa.