Mrejesho: Forerunner 55 au 965?

Asanteni wakuu. Niliuliza kama saa ya kukimbilia yenye GPS, Garmin Forerunner 965, inastahili bei yake mbele ya Forerunner 55 kwa mkimbiaji wa barabarani. Kwa barabara ya wazi, 55 inatosha kabisa. Tofauti inaonekana katikati ya maghorofa na milimani: 965 hupokea masafa mawili ya mawimbi ya redio ya setilaiti, L1 na L5, kwa hiyo mawimbi yanayodunda kwenye kuta hayaipotoshi sana. Ina pia baromita ya kupima mwinuko, na ramani. 55 haina hata kimoja. Mazoezi ya vipindi (kukimbia kwa kasi, kupumzika, kurudia)? Ongeza mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo, saa zote mbili zinaupokea; kihisi cha saa mkononi huchelewa mapigo yanapopanda ghafla. Na subirini GPS ishike setilaiti kabla ya kuanza.