Mchezaji wa zamani akirudi klabuni: benchi, vijana au ofisi?

Fundi_Kamalondo
Wakubwa, tuweke mapenzi pembeni tulinganishe. Mchezaji amestaafu, klabu yake inamwita. Aanzie wapi ndipo adumu? Nianze na ya kwetu Lubumbashi: Kidiaba alitoka golini akawa kocha wa makipa wa klabu yetu, TP Mazembe. Mihayo, kapteni wa zamani, akawa kocha mkuu, na 2017 akabeba Kombe la Shirikisho: 2-1 hapa nyumbani dhidi ya SuperSport United, kisha 0-0 Pretoria.

Mwana_Reli
Yaya, hizo mbili hazikai mzani mmoja. Kocha wa makipa ana watu watatu au wanne. Akikosea, analirekebisha wiki hiyo hiyo. Kosa lake kubwa huwa ni kufundisha mwili wake mwenyewe: alikuwa mfupi mwepesi wa kuruka, basi anamlazimisha kijana wa mita 1.95 asimame pale pale alipokuwa akisimama yeye. La pili ni mashuti mfululizo dakika ishirini, mashabiki wanashangilia mazoezini. Mipira 6 hadi 8 kwa zamu yatosha, apumzike dakika moja na nusu, arudie. Kipa akichoka anaanza kutua kwa kiwiko badala ya ubavu, na kila mpira unaoongeza hapo unamzoesha kosa hilo.

Binti_Belair
Mimi nachagua vijana. Guardiola alishika Barcelona B msimu wa 2007-08 kabla ya timu kubwa. Zidane alikuwa msaidizi wa Ancelotti Real Madrid 2013-14, akaenda Castilla, timu ya akiba ya klabu hiyo, akapandishwa timu kubwa Januari 2016, na Ligi ya Mabingwa akaichukua mara tatu mfululizo. Kule chini unakosea mabadiliko ya dakika ya 60 na hakuna redio inayokujadili. Pirlo je? Juventus ilimtangaza kocha wa vijana wa chini ya miaka 23 tarehe 30 Julai 2020, na siku tisa baadaye akapewa timu kubwa, hajaongoza hata mechi moja. Coppa Italia alipata, ligi akamaliza wa nne, akaondoka. Kwa klabu iliyotoka kubeba ligi mara tisa mfululizo, wa nne ni msiba.

Fundi_Kamalondo
Arteta naye alirudi Arsenal alikochezea, akawa kocha mkuu bila kupita kwa vijana wake, dada.

Binti_Belair
Kweli, lakini alikaa Manchester City pembeni ya Guardiola tangu 2016 hadi Desemba 2019. Alijifunzia nyumba ya watu.

Mwana_Reli
Mnasahau mtego wa kocha wa muda. Solskjaer, akiwa kocha wa muda wa Manchester United alikochezea, alishinda 14 kati ya mechi 19, klabu ikampa mkataba wa kudumu Machi 2019. Miezi ya kwanza wachezaji wanakimbia kwa sababu kocha wa zamani kaondoka. Hiyo siyo kipimo cha kocha mpya. Aliondoka Novemba 2021 baada ya kufungwa 4-1 na Watford. Kama ni wa muda, abaki wa muda mpaka msimu uishe, ndipo komite ikae.

Karani_wa_Komite
Ofisi mmeiruka, na ndiko kunakoharibika kimyakimya. Van der Sar aliingia Ajax 2012 kusimamia masoko, akawa mkurugenzi mkuu 2016: miaka minne ya kujifunza hesabu kwanza. Maldini alikuwa mkurugenzi wa ufundi Milan ilipobeba ligi 2022, mwaka uliofuata akaondolewa.

Sisi tunampa mtu cheo cha "balozi" bila karatasi. Andikeni: nani anasaini usajili, kikomo chake cha pesa, anaripoti kwa nani. Kama klabu bado ina deni la mishahara yake ya uchezaji, lilipwe au liandikwe mkataba wa pembeni *kabla* hajaanza kazi. Vinginevyo kila mkutano wa bajeti unageuka mkutano wa deni. Mkataba wa kwanza miezi 12. Na anayetaka benchi aanze ngazi za leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, yaani D, C, B, angali anacheza, maana kati ya kozi na kozi kuna kusubiri.

Mwana_Reli
Na vestieri, chumba cha kubadilishia nguo? Mkurugenzi aliyekuwa nyota ana ruhusa ya kuingia?

Karani_wa_Komite
Jumanne, kocha akimwita. Mapumziko ya mechi, hapana. Akisema neno moja pale, vijana watamsikiliza yeye, na kocha atabaki ameshika ubao.