Naombeni ushauri: shangazi anasema kusikiliza "Kifo" ya Remmy kwenye nyumba ya msiba ni kujichuria

Mkiwa wa Sinza:
Habari zenu wakuu. Baba yetu alifariki wiki tano zilizopita. Msibani sikulia. Nilishika daftari la rambirambi, nikahesabu sahani, nikagombana na watu wa maturubai, na watu wakanisifu kwamba nina moyo. Kilio kilikuja siku ya tisa, ndani ya daladala. Konda aliuliza, "Kwa Remmy wapo?" Ni kile kituo chenye jina la marehemu Remmy Ongala, mwanamuziki wa dansi. Mzee kila tukipita pale alikuwa anamjibu konda, "Mwenyewe hayupo, katangulia." Utani uleule miaka yote, na mimi naona aibu, naangalia dirishani. Siku hiyo hakuna aliyejibu. Nilishuka nikalia mpaka mama mmoja anayechoma mahindi akanisogezea kigoda.

Tangu hapo kila usiku nachomeka hedifoni, naweka "Kifo" ya Remmy Ongala, mara tatu au nne, nalia, halafu nalala vizuri. Juzi shangazi kanikuta. Mama yuko eda, na shangazi anasema muziki kwenye nyumba ile ni utovu wa adabu, tena wimbo wenyewe unaita msiba mwingine. Je, najiumiza? Niache?

Abuu Salma:
Pole sana dada. Shangazi yuko sahihi. Marehemu anahitaji dua, si gitaa. Hizo mara nne msomee Yasin, utalala vilevile.

Tiketi Mkononi:
Pole dada. Mimi ni konda, ila si wa njia hiyo. Nina mzee wangu wa kila asubuhi ana utani wake wa kituo, huwa namkatia, "Mzee shuka, tunachelewa." Kesho nitamchekea.

Mzee wa Dansi:
Abuu, mimi nilimzika mwanangu mwaka 1996. Dua nilisoma, na watu wakanisomea, Mungu awalipe. Bado saa nane za usiku nilikuwa peke yangu na dari.

Sasa wimbo. Wengi wanaosema unachuria wamesikia jina tu. Remmy hakiiti kifo, anakisuta. Anakitolea uvivu hadharani kwamba hakina huruma, kama mwanamke wa uswahilini anavyomsuta jirani mbele ya watu. Halafu sikiliza magitaa: maneno ya matanga, lakini magitaa yanakimbia, mguu unacheza wenyewe. Enzi za bendi yake, Super Matimila, nimeona watu wanaucheza huku wanafuta macho. Wimbo wa huzuni unaoburuzwa polepole mimi hunimaliza. Huu ulikuwa unaniinua kitandani nikaoge. Na huyu mtu hakuwa anaigiza. Mzaliwa wa Kindu, Kongo, alifiwa na wazazi angali mdogo, akaja Dar 1978 kupiga na bendi ya Orchestra Makassy. Mwishoni aliacha dansi akaimba injili, na Desemba 2010 nacho kikamfuata.

Endelea, binti yangu. Ila usiurudie mara nne. Mara moja, mpaka mwisho, pale magitaa yanapochemka.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Jibu umelitoa mwenyewe: unalala. Ungesema huli, huendi kazini, au unatamani umfuate mzee, ningekwambia uende hospitali ukaonane na mshauri nasaha, wala suala lisingekuwa wimbo tena. Kuhusu heshima ya nyumba, aliyekaa eda ni mama yako, siyo shangazi. Umemuuliza yeye?

Mkiwa wa Sinza:
Ahsanteni wote. Abuu, Yasin naisoma, baada ya Isha, kabla ya Remmy.

Nesi, sikumuuliza mama, niliogopa. Ila jana mchana naosha vyombo nikajikuta naimba kwa sauti ya chini. Sasa, mzee alikuwa na maneno yake kwenye ule wimbo. Aliyasikia vibaya tangu enzi za redio ya RTD na hakukubali kurekebishwa mpaka anaondoka. Tulishabishana naye mpaka chai ikapoa. Mimi nikaimba yale ya Remmy. Mama akasema kutoka chumbani, "Siyo hivyo." Akaimba ya mzee.

Shangazi alikuwa barazani anachambua mchele. Hajasema kitu mpaka sasa.